Ua Lisilo na Jina

Mpenzi msomaji, yako makosa ambayo mtu hutenda kwa kutojua, na yako mengine ambayo hutenda kwa majisifu. Kosa ninalokusimulia leo ni la aina ya pili, nami nakiri mapema ili usije ukanionea huruma kupita kiasi.

Mwezi wa Machi, mwenzangu mmoja niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha nchini Uingereza, aliniletea picha tano za maua yaliyochanua katika bustani yake baada ya baridi kali kwisha. Chini ya kila picha alikuwa ameandika jina la ua. Lililotangulia lilikuwa ni daffodili la manjano, lile ambalo sisi wanafunzi wa zamani tulilijua kwa shairi la William Wordsworth kabla ya kuliona kwa macho, na ambalo wengi wetu hatujaliona hadi leo. Mwishoni aliniuliza, kwa ile kejeli ya watu wanaopendana, iwapo huku kwetu pia kuna majira ya maua. Nilimjibu papo hapo kwamba huku hatungoji kuruhusiwa na kalenda ili tuone ua, na kwamba kabla ya Aprili kwisha ningempelekea picha ishirini za maua ya Kitale na Bungoma, kila moja ikiwa na jina lake kwa Kiswahili sanifu. Neno hilo "sanifu" nililipigia mstari.

Watu wa fani yangu, hata wakitaka kuchemsha chai, huanza kwa kutafuta istilahi. Kwa hiyo kabla sijashika kamera nilijiuliza: haya majira ninayotaka kuyapiga picha yanaitwaje? Wafasiri na watangazaji wa redio wametupa "majira ya kuchipua" na "machipuko", na sina ugomvi nao. Lakini maneno hayo yanaeleza miti iliyolala kwa baridi ikaamshwa na jua, na miti yetu hailali kwa baridi. Waswahili wa pwani walihesabu nyakati zao kwa pepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi, kipupwe na demani. Majina hayo niliyanyonya pamoja na maziwa ya mama, ila nayo hayatoshei Kitale. Huku Trans Nzoia, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, mvua huanza Machi au Aprili zikaendelea, mara kwa wingi mara kwa uchache, hadi Oktoba hivi, na mkulima hupanda mahindi yake mara moja kwa mwaka. Nilikuwa basi nimeahidi picha za majira yasiyokuwepo, kwa majina ya lugha iliyozaliwa ufuoni, mbali na mlima Elgon. Hapo ndipo ningalipaswa kuomba radhi na kunyamaza. Badala yake nikaazima kamera.

Kamera ilikuwa ya mpwa wangu, kijana anayepiga picha za harusi. Alinifunza kwa dakika kumi, akanionya: "Mjomba, hiki kidude usikiguse." Nilikigusa kabla hatujafika lango la mji. Mpiga picha za harusi ana bahati moja: bibi harusi akiambiwa asimame, husimama. Ua haliambiwi. Kila nilipoinama na kuzuia pumzi, upepo ulivuma. Kila nilipoinuka kujinyoosha mgongo, ulitulia. Siku ya kwanza nilipiga picha sitini na tatu. Katika kumi na moja, kilichoonekana vizuri zaidi ni kidole gumba changu.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kuku mweupe anayelala kifudifudi katika tope kando ya barabara ya kwenda Kiminini huonekana mara mbili zaidi. Nilikuwa nimelielekezea kamera ua fulani jekundu lililopanda juu ya ukingo wa shamba, mzee mmoja aliponijia kwa hatua ndefu, akaniuliza kwa sauti isiyokuwa na mzaha:

"Wewe, mbona unaupiga picha ua wangu?"

Ugonjwa wa walimu hauna likizo. Nilimjibu kwa upole, "Mzee, samahani, hatusemi 'ua wangu'. Ni 'ua langu'."

Alirudi nyuma hatua moja. "Lako? Tangu lini?"

Ilinichukua muda kutambua kwamba aliyekosea alikuwa mimi. Mzee hakuwa akisema habari za ua lenye wingi wa maua, bali ua wenye wingi wa nyua, yaani ule wigo wa shamba lake, na upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa safi kuliko wangu. Aidha, katika kaunti ambayo historia yake ni historia ya mashamba ya walowezi, ya kugawiwa na kunyang'anywa, ya hatimiliki na ya mipaka, mtu asiyejulikana anayepiga picha wigo wako hachukuliwi kuwa mpenda maua. Huchukuliwa kuwa mpimaji, au mnunuzi, au jambo baya zaidi. Nilimwonyesha picha zangu zote kama ushahidi. Alizitazama moja moja, akaona kidole gumba, akaridhika kwamba mtu wa namna hii hawezi kumnyang'anya mtu shamba. Tuliagana kwa amani. Lile ua jekundu nilipomuuliza jina lake, alinijibu: "Hilo? Hilo ni ua tu."

Jibu hilo nilikuja kulisikia mara nyingi mno. Mbele kidogo nilikuta mti mkubwa uliojaa vikombe vya rangi ya chungwa iliyoiva, ule ambao Kiingereza kimeuita mwali wa Nandi na wataalamu wa mimea wameuita Spathodea campanulata. Chini yake walikuwapo watoto wanne. Niliwauliza mti huu unaitwaje. Mmoja akasema ni mti wa maua. Mwingine, ambaye naamini atakuja kuwa mwanasayansi, alisema hajui jina lakini anajua kazi yake. Akaokota tumba ambalo halijafunguka, akalibana kwa vidole, nalo likarusha maji kama bomba hadi katikati ya lenzi ya mpwa wangu. Kweli, matumba ya mti huo huhifadhi maji, na watoto wamekuwa wakiyafanya bunduki tangu kale. Nilipofuta kamera nilikumbuka kwamba Tanzania mti huo una jina la Kiswahili, kifabakazi. Nikawaambia watoto. Walilirudia mara tatu wakicheka, na tangu siku hiyo nadhani lipo kundi la Wakenya wanne wa Kitale wanaolijua.

Nilipozidiwa nilikimbilia Makumbusho ya Kitale. Msomaji asiyepajua ni vyema aelezwe kwamba nyumba hiyo ilitokana na mtu wa ridhaa kama mimi, ingawa aliyekuwa na subira kunizidi. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi, alikusanya vipepeo, wadudu wengine, ndege na vitabu kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 1966 aliuacha mkusanyo wake kwa taifa, na mwaka 1974 jengo jipya la makumbusho likafunguliwa. Nyuma yake ipo njia inayopita katika msitu wa asili. Nilipokuwa nikitembea humo nilijifunza jambo moja kuhusu wakusanyaji: kipepeo asiyeandikiwa kijikaratasi chenye jina, mahali na tarehe si mkusanyo, ni vumbi lenye rangi. Nikautazama mfuko wa kamera yangu kwa jicho jingine.

Karibu na ukingo wa kichaka kimoja nje ya mji nililiona ua lililonisimamisha. Lilikuwa limetoka ardhini kwa bua moja, bila hata jani, mara tu baada ya mvua za kwanza: mpira mwekundu wa duara, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, uliofanywa kwa vijiua vingi vyembamba, kila kimoja kimechomoza nyuzi zenye vichwa vya manjano vya chavua. Upepo, kwa mara ya kwanza, ulinihurumia. Picha ilitoka safi kabisa, bila kidole. Nilitoa simu, nikafungua programu ile inayotambua mimea, na kabla sijavuta pumzi ya pili ikaniambia kuwa ni Scadoxus multiflorus, ikaniongezea majina matatu ya Kiingereza. Nilitafuta la Kiswahili. Kimya. Nilimuuliza mwendesha bodaboda aliyekuwa akinisubiri, mzaliwa wa hapo hapo. Alilitazama kwa makini, akasema ameliona kila mwaka tangu utotoni. "Ni ua tu, mwalimu."

Usiku ule, chumbani, niliweka hesabu. Maua niliyoyajua jina bila taabu, na ambayo kila mtu niliyemuuliza alinitajia jina lake, yalikuwa jakaranda, bogenvilia na waridi. Yaangalie hayo kwa makini, msomaji. Jakaranda na bogenvilia asili yao ni Amerika ya Kusini, na hilo la pili limebeba jina la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Waridi tunalifunga vifurushi kwa mamilioni na kulisafirisha Ulaya. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa maua hayo duniani, na tunajua bei ya shina lake kwa fedha za kigeni. Maua yaliyokuja kwa meli yalifika na majina yao kama wageni wenye pasipoti. Yale yaliyotukuta hapa, au tuseme tuliyoyakuta, tumeyapa jina moja, "ua tu", kama vile bwana asiyejishughulisha kujua majina ya vibarua wake.

Je, Kiswahili ni maskini wa maua? Hasha. Muulize mwanamke wa Lamu au wa Mombasa. Atakutajia asumini, kilua, mkadi, afu, langilangi, mrehani. Kiswahili kina jina la ua likiwa bado limefumba, ambalo ni tumba. Kina jina la unga wake, chavua. Na hata lile tone tamu lililo ndani yake, ambalo nyuki hulifuata, linaitwa mbochi. Lugha iliyopata wasaa wa kuita kitu mbochi si lugha ya watu wasiotazama maua. Tofauti ni kwamba pwani Kiswahili kililala chumbani, kikapakwa manukato na kuvishwa kikuba. Huku bara kilifika kwa njia nyingine: kwa msafara, kambi ya askari, shamba la mlowezi, soko na kituo cha basi. Kilifunza watu kuhesabu, kuamuru na kupatana bei. Hakuna aliyekaa chini nacho katika nyasi za mlima Elgon akakiuliza: na hili je?

Siku ya pili niliteremka kuelekea Bungoma kwa matatu, kupitia Kamukuywa, Kimilili na Chwele, nikiwa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyejitolea kuwa mkalimani. Alinipeleka kwa nyanya yake, ambaye yeye humwita kukhu, kama wasemavyo Wabukusu. Kukhu alikuwa ameketi barazani akichambua mbegu za maharagwe. Nikiwa na hamu ya kuonyesha kwamba nami nimesoma, nilinyosha kidole kwenye mti wenye miiba ulioishiwa na maua yake mekundu pale kando ya boma, nikasema kwa fahari: "Mulembe!"

"Mulembe," alinijibu kwa furaha, akanipa mkono.

Mjukuu wake alicheka hadi akashika nguzo. Nilikuwa nimekosea sauti moja tu. Mulembe, kwa sauti ya l, ni amani, nayo ndiyo salamu. Mti ule ni kumurembe, kwa sauti ya r, na wazee husimulia kwamba watu walikuwa wakila kiapo kwa mti huo pale ugomvi uliposhindwa kuamuliwa kwa maneno. Ndio mti ambao Wakikuyu huuita muhuti na Wajaluo orembe. Huchanua wakati wa ukavu, matawi yakiwa bila majani, hivyo nilikuwa nimechelewa na kupata maua manne tu ya mwisho. Kukhu alinifariji kuwa mti hauhami.

Tulizunguka boma pamoja. Ule mti wenye maua ya manjano yenye michirizi myekundu kooni aliuita lusiola, akaugonga kwa fimbo kama mtu anayemsifu ndume wake, kwa kuwa nguzo zake mchwa haziwezi kwa urahisi. Kisha tukafika kwenye wigo wa majani mapana niliyoyafahamu. "Hayo ni maua malulu," alisema. Hapo moyo wangu wa kiisimu uliruka. Mmea huo, Tithonia diversifolia, asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Wakulima wa magharibi waliupokea wakaupa jina kwa neno la Kiswahili "maua" na sifa ya Kiluhya ya uchungu; Wajaluo nao wakauita maua makech kwa maana hiyo hiyo. Tena hawakuishia kwenye jina. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani yake mabichi yana nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, na wakulima wakayafukia shambani kama mbolea. Huo ndio uhai wa lugha: mgeni hupokewa, huonjwa, hupewa jina kwa ladha yake, kisha hupewa kazi. Niliinua kamera kwa heshima zote. Wigo mzima ulikuwa wa kijani. Mmea pekee katika safari yangu ulioitwa Maua haukuwa na hata ua moja.

Mwishoni nikamwonyesha ile picha yangu safi, mpira mwekundu. Kukhu aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akatabasamu kama aliyemwona jamaa. Alisema likitokeza watu walijua mvua imekuja kweli. Nikatoa kalamu, nikamuomba jina. Alifungua mdomo. Akaufunga. Alitazama mbali, akasema neno fulani kimoyomoyo, akatikisa kichwa, akajaribu tena. Kisha akamwambia mjukuu wake jambo, naye akanifasiria taratibu:

"Anasema lina jina. Mama yake alilijua."

Hatukuongea kwa muda. Nami, mpenzi msomaji, sikuwa nikimfikiria kukhu. Nilimfikiria bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akifunga kikuba kila Alhamisi jioni, nami mtoto nimekaa miguuni pake nikimpa maua moja moja kwa mpangilio alioutaka. Yalikuwa ya aina sita. Nina shahada tatu za lugha, nimeandika tasnifu kuhusu ngeli za nomino, na katika yale maua sita leo naweza kutaja manne. Yale mawili nayaona, nayanusa hata sasa, lakini hayana jina kichwani mwangu. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na mama yangu nilipompigia simu jioni ile alisema nilipaswa kumuuliza mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba, kwamba nchi yenye njaa haihitaji majina ya maua. Nawasihi watazame upya. Huko Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi kati ya Wanyore, wanaosifika kwa kutabiri mvua, wamefanya kazi na wataalamu wa hali ya hewa, na dalili wanazozisoma ni pamoja na miti inavyopukutika na kuchanua. Mkulima atakayeambiwa apande wakati mti fulani umechanua, naye haujui mti huo kwa jina, ameambiwa nini? Mmea usio na jina huwezi kuuagiza, kuuonya mtoto asiule, wala kulalamika unapokatwa. Mtu hawezi kusimama mbele ya hakimu akatetea "ua tu".

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaiagiza serikali iendeleze lugha za kiasili. Wengi huyasoma mambo hayo mawili kama mahasimu. Mimi nayaona kama mke na mume. Bunge, ambalo leo ni neno la kila siku, linatajwa kuwa lilitoka katika Kiha. Na hili neno "ngeli" ninalojipatia riziki nalo, linatajwa kuwa ni la Kihaya. Hakuna aliyekufa kwa kuyapokea. Basi nini kinatuzuia kulivua neno kumurembe kiambishi chake cha mbele na kusema mrembe, wingi mirembe, na kuliandika katika kitabu cha darasa la nne kando ya picha yake? Nini kinatuzuia kuipokea lusiola? Mwalimu wa Bungoma hahitaji fedha za wafadhili kuwaambia wanafunzi waende nyumbani na penseli, wamuulize mzee mmoja majina ya mimea mitano, na warudi nayo Jumatatu. Anachohitaji ni haraka.

Nilimpelekea mwenzangu wa Uingereza picha nne badala ya ishirini. Chini ya tatu niliandika: kifabakazi, mrembe, lusiola. Chini ya ile ya nne, iliyo nzuri kuliko zote, niliandika: "Lina jina. Tunalitafuta." Kamera nimeirudisha, na mpwa wangu bado anauliza yale maji yaliingiaje.

Ikiwa wewe msomaji, au mama yako, au kukhu wako, mnalijua jina la ua lile jekundu la duara litokezalo bila jani baada ya mvua za kwanza, kwa Lubukusu, kwa Kisabaoti, kwa Kinandi au kwa lugha nyingine yoyote ya nchi hii, tafadhali liandikie gazeti hili. Andika pia mahali ulipolisikia na aliyekuambia.